Askofu wa Kavumbi na Maji Makali

Kavumbi Masha ana mbwa anayeitwa Askofu, na kabla hujanikunjia uso, ujue kwamba mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwambia abadilishe jina hilo. Nilimwambia kwa upole, tena nikiwa nimeshammiminia uji. Akaunywa wote, akanirudishia kikombe, akasema, "Shemeji, mtazame mwenyewe. Ana kola nyeupe shingoni, hafanyi kazi, na kila nyumba anayoingia anapikiwa. Wewe ungemwita nani?"

Nikamtazama yule mbwa. Mungu anisamehe, nikacheka.

Kavumbi ni mkwangua chumvi hapa Marereni. Alizaliwa Jilore, kwao wakilima mahindi na mihogo, akaja huku akiwa kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinachungulia, akisema atakaa mpaka apate nauli ya kurudi. Hajarudi hadi leo. Ameoa hapa, amezaa hapa, na mkewe Mbeyu amemzika hapa. Yeye na marehemu mume wangu waliingia kazini pamoja, ndiyo maana ananiita shemeji, na ndiyo maana ananywa uji wangu wa kuuza kama kwamba ni haki yake ya kuzaliwa.

Kazi yao ni ya jua. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana, yakaachwa yapungue na yakolee, mpaka yanakuwa maji makali ambayo ukiyatia ulimini unaliona kaburi lako. Halafu chumvi yenyewe inakaa chini nyeupe pe, na wao wanaikwangua kwa reki na kuirundika. Ukiifanya kazi hiyo kwa muda aliokaa Kavumbi, nyayo zako zinapasuka kama udongo wa kiangazi, na macho yako yanafinyika kwa mng'aro hata ukiwa kivulini. Yeye anafinya jicho moja zaidi ya jingine. Akina mama wawili wa kanisani wamewahi kumshtaki kwamba anawakonyeza. Mmoja alishtaki kwa hasira. Wa pili, naona, alitaka tu ijulikane.

Kanisani huja Jumapili mojamoja, na hukaa karibu na mlango. Mchungaji Oliver akihubiri habari za chumvi, Kavumbi huinua mkono kumsahihisha. Siku moja mchungaji alisema chumvi inaweza kupoteza ladha, na Kavumbi akasema kwa sauti, "Ikiwekwa wapi?" Ibada ilisimama. Mchungaji Oliver ni mtu mwema, lakini hajawahi kushika reki.

Mbeyu alipofariki tuliogopa kwamba shemeji ataikumbatia pombe ya mnazi mpaka imalize safari yake. Binti yake Linet alitoka Mtwapa, akakaa naye, akarudi kazini kwake akilia. Ndipo mtoto wa mbwa akaanguka kutoka kwenye lori lililokuja kupakia chumvi. Hakuna aliyejua ametoka wapi. Alikuwa mnene, mweusi, na ule mzunguko mweupe shingoni, na alipoanguka hakulia. Aliinuka akaenda moja kwa moja kwenye chakula cha Kavumbi akala. Jioni hiyo Kavumbi, ambaye tangu matanga yaishe alikuwa hajawasha jiko, aliwasha jiko. Nilipouona moshi nilipiga magoti nikashukuru. Sikuchagua Mungu atumie chombo gani.

Jina ndilo lililoleta tabu. Wageni wa kanisa walitoka Malindi, tumewaandalia wali wa nazi na kuku, mara wakasikia nje mtu anafoka, "Askofu! Toka jikoni mwa watu, mwizi wewe!" Wakatazamana. Wazee wa kanisa wakaenda kwa Kavumbi kumtaka abadilishe jina. Akawasikiliza, akakubali, akasema, "Basi nitamwita Mchungaji." Wakamwomba aendelee na Askofu.

Hayo ndiyo maisha yao, na tungeendelea hivyo kama si upele.

Ulianzia kwenye masikio. Askofu akawa anajikuna mpaka damu inatoka, manyoya yakamdondoka ubavuni, ngozi ikawa nene, nyekundu na yenye magamba. Alikuwa ananuka hata upepo ukivuma upande mwingine. Nilimwambia Kavumbi amwite daktari wa mifugo, yule binti anayewachanja kuku wangu kideri. Akaniambia, "Daktari wa kuku atajua nini kuhusu askofu?" Basi nikanyamaza. Mimi huwa nanyamaza mapema mno.

Dena, anayekwangua naye bwawa moja, ndiye aliyempa dawa. Unatakiwa ujue kwamba sisi wa huku tuna imani moja kubwa kuliko ile ya kanisani, nayo ni kwamba maji makali yanaponya kila kitu. Mtu akijikata, bwawani. Miguu ikioza katikati ya vidole, bwawani. Mtoto wa Dena aliumwa na jino, akasukutuliwa maji makali, akapona. Mimi nasema jino lilikimbia. Na kuna namna ya kuitumia dawa hiyo. Ukishachovya, unakaa juani mpaka ikauke nyeupe, na maji baridi, yale ya kunywa yasiyo na chumvi, usiyaguse, kwa sababu maji baridi ndiyo adui wa chumvi. Mvua moja tu ikinyesha bwawani, kazi yote imekwenda.

Kavumbi akamtibu mbwa wake vile anavyotibu bwawa. Asubuhi na mapema alimchukua Askofu, akamtumbukiza kwenye maji makali mpaka kichwani, mbwa akipigapiga na kumeza. Halafu akamfunga kamba kwenye mti wa uani kwake, juani, na bakuli lake la maji akaliondoa ili dawa ishike. Akaenda zake kazini, roho yake nyeupe.

Mimi nilipita hapo jua likiwa limeshapanda, narudi na sufuria yangu tupu. Nikaona mbwa mweupe. Nikajiuliza Kavumbi amepata mbwa mwingine lini? Kumbe ni Askofu, amekauka chumvi mwili mzima kama samaki wa kuanika, na anajiramba. Anajiramba ubavu, anajiramba miguu, anatapika povu, kisha anajiramba tena. Nikamwita. Akataka kuja, miguu ya nyuma ikamwacha, akaketi kama mlevi. Midomo ilikuwa inamtetemeka.

Nilimpigia daktari. Anaitwa Bridgit Musyoka, na kwenye simu yangu yuko kama Daktari Kuku.

"Shikamoo mama," akasema. "Kuku wamefanya nini tena?"

"Marahaba mwanangu. Si kuku leo. Ni mbwa, anatetemeka, ameogeshwa maji ya bwawa la chumvi, kisha akafungwa juani."

"Ameyanywa hayo maji?"

"Ameyameza akiogeshwa, na sasa anajiramba chumvi yenyewe."

"Amepewa maji baridi ya kunywa tangu asubuhi?"

"Amenyimwa kwa makusudi."

Akavuta pumzi. Akaniambia yuko Gongoni wanachanja mbwa kichaa cha mbwa, atakuja kwa pikipiki, lakini tusimngoje. "Mtoeni juani. Mmwagieni maji baridi mwili wote chumvi itoke, asiendelee kuiramba. Na maji ya kunywa, mama, nisikilize vizuri: mpe kidogo kidogo. Kijiko, mnapumzika, kijiko, mradi anameza mwenyewe. Akishindwa kumeza, acha. Usimpe bakuli. Chumvi imeshaingia mpaka kwenye ubongo, na akinywa maji mengi kwa mara moja ubongo utavimba. Kiu yake itawadanganya. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nikamtuma mtu bwawani, na Kavumbi akaja akikimbia na reki yake mkononi, kama kwamba kuna wa kupigwa. Alipomwona mbwa wake, alitupa reki. Aliingia ndani akatoka na beseni zima la maji, akaliweka mbele ya Askofu, na mbwa akatumbukiza mdomo.

"Liondoe!" nikasema.

"Shemeji, ana kiu."

"Daktari amesema liondoe. Atakufa."

"Atakufa kwa maji?" Aliniuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mimi nimemnyima maji asubuhi nzima na wewe unaniambia nimnyime tena?"

"Ndiyo."

Sijui niliipata wapi hiyo ndiyo. Nilishika upande mmoja wa beseni, yeye akashika mwingine, na Askofu katikati akiendelea kunywa kwa pupa. Niliogopa kumwaga, maana maji baridi hapa yanakuja kwa mkokoteni na hatuyamwagi ovyo. Hapo ndipo alipofika Mchungaji Oliver juu ya baiskeli. Jirani alikuwa amempigia kwamba Askofu yuko hoi, na yeye, tofauti na alivyozoea, hakuuliza ni askofu yupi. Aliteremka, akasikia maneno mawili ya daktari kutoka kwangu, akalinyakua beseni, akammwagia mbwa mgongoni. Lote. Chumvi ikaanza kumteremka kama uji.

"Yanatakiwa mengine," nikasema. "Mimi nimebakiwa na dumu moja."

"Kuna yale ya ubatizo," mchungaji akasema.

Nikamtazama. Tulikuwa tumeyachanga wiki nzima kwa ajili ya vijana wa Jumapili, madumu yamejaa nyuma ya kanisa.

"Bado hayajaombewa," akasema haraka haraka, macho yake yakikwepa yangu.

"Hata yangekuwa yameombewa," Kavumbi akasema, "upele hausikii maombi." Lakini alisema kwa mazoea tu, hakuwa na nguvu ya kubishana.

Basi madumu yakaletwa, tukambeba Askofu, tukamwogesha kwa maji ya ubatizo, kivulini kwenye kibanda changu cha uji, mimi na mchungaji tukisugua, na Kavumbi ameketi chini, kichwa cha mbwa mapajani, kijiko mkononi. Kijiko kimoja. Mbwa analamba, anamtazama, anangoja. Kijiko kingine. Daktari alisema tupumzike kati ya kijiko na kijiko, na kwa kuwa hatukuwa na saa ya mkononi, na mikono ilikuwa imeloa hata kushika simu, mimi nikawa naimba ubeti mmoja wa tenzi katikati. Nikimaliza ubeti, kijiko.

"Huna wimbo mfupi zaidi?" Kavumbi akaniuliza.

"Huu ndio mfupi."

"Basi usirudie kiitikio."

Mara Askofu akakakamaa. Miguu yote minne ikanyooka, kichwa kikarudi nyuma, meno yakagongana, na mwili ukawa unarukaruka wenyewe. Mchungaji akaanza kuomba kwa sauti. Kavumbi hakupiga kelele. Alikuwa anasema polepole, "Ni mimi. Ni mimi niliyekutia. Ni mimi." Nilimpigia tena daktari, akasema tusimtie kitu mdomoni, tumshike asijigonge, na yeye yuko njiani. Kule kukakamaa kulipoisha, mbwa alilegea akawa kama nguo iliyoloana. Ulimi ulikuwa nje. Alitafuta maji kwa macho tu.

Kavumbi aliliangalia dumu langu. Nililiona wazo likimpita usoni: ampe yote, anywe ashibe, na kama ni kufa afe bila kiu. Nilingoja mbwa alambe midomo yake mwenyewe, ameze, nikaanza ubeti. Nilipoumaliza, Kavumbi alichota kijiko kimoja, akamlambisha, akangoja ubeti mwingine. Mtu ambaye hajawahi kumkubalia mnyapara, wala mchungaji, wala mkewe, alimtii binti wa simu ambaye hajamwona.

Bridgit alifika akiwa amejaa vumbi mpaka kwenye kope, na sanduku lake mgongoni. Hakumsalimia mtu. Alipiga magoti, akamfunua mbwa ufizi, akamsikiliza moyo, akamchoma sindano ya kutuliza mtukutiko, kisha akanyoa kipande cha mguu akatia dripu, chupa akaitundika kwenye msumari ninakotundika mwiko wangu. Aliifungua itone taratibu sana. Ndipo akasema, "Haya. Shikamooni wazee."

"Atapona?" Kavumbi akauliza.

"Bado sijui, baba. Mmefanya vizuri kwa maji ya kijiko. Mngempa ndoo, saa hii tungekuwa tunachimba. Sasa tunangoja akojoe. Figo zikifanya kazi, atakojoa, na chumvi itatoka. Asipokojoa..." Hakumalizia.

Tukangoja. Ndiyo kazi tuliyokuwa nayo mchana huo, mchungaji wa Bwana, mjane wa kanisa na daktari wa serikali, kungoja mkojo wa mbwa. Watu waliokuja kununua uji waliuliza kuna nini, nikawaambia, nao wakakaa.

Bridgit akamkwangua mbwa ngozi kidogo kwa kisu butu, akaitia kwenye kichupa. "Huu upele ni wa wadudu wanaochimba ndani ya ngozi," akasema. "Hauponi kwa chumvi. Nani alikuambia chumvi?"

Dena, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu, akasema, "Kama si chumvi, basi oili chafu ya lori. Nayo ni nzuri."

"Oili anailamba vile vile, inamchoma tumbo na ini. Na msije mkamwogesha dawa ya kupe ya ng'ombe kwa kipimo cha ng'ombe, maana najua hiyo ndiyo inayofuata." Dena akafunga mdomo, nadhani ndiyo iliyokuwa inafuata. "Akipata nguvu nitamchoma sindano ya upele, kwa uzito wake, nikiwa nimempima mimi mwenyewe, kisha nitarudi nirudie. Na chanjo ya kichaa hana, sivyo? Nayo tutampa akishapona. Na matandiko yake yafuliwe kwa maji ya moto yaanikwe juani. Analala wapi?"

"Kwangu," Kavumbi akasema. "Miguuni."

"Unawashwa?"

Kavumbi akapandisha mkono wa shati. Amejikuna mpaka kiwiko. Alikuwa, kumbe, anaingia bwawani na yeye kila jioni kujitibu, ndiyo maana alikuwa na harufu ya dagaa.

"Wadudu wa mbwa hawakai sana kwa binadamu," Bridgit akasema, "lakini watakuwasha. Nenda zahanati wakuangalie. Nani mwingine anamgusa huyu mbwa?"

Watu wote wakarudi nyuma hatua. Mimi nikasema mimi namtupia mabaki kwa mbali. Mara tukasikia sauti, kwarukwaru, kwarukwaru. Tukageuka. Mchungaji Oliver alikuwa ameegemea nguzo ya kibanda changu, anajisugua mgongo kama fahali.

"Mchungaji," nikasema. "Hata wewe?"

Akajiweka sawa. Akavuta kola. Kisha akaona hakuna pa kukimbilia. "Jumamosi," akasema, "ninapojifunza mahubiri. Huwa anakuja ofisini. Namsomea."

"Unamsomea mbwa?" Kavumbi akauliza.

"Anasikiliza! Anakaa mpaka mwisho. Halali kama nyinyi."

Watu walicheka mpaka kibanda kikatikisika, na Bridgit akashika chupa ya dripu isianguke. Kavumbi hakucheka. Alimtazama mchungaji kwa lile jicho lake lililofinyika, akasema, "Ile ya chumvi kupoteza ladha, nayo ulimsomea?"

"Nilimsomea."

"Akasemaje?"

"Alijikuna."

Hapo Kavumbi akacheka kidogo, puani, kisha akaangalia chini upesi, maana mbwa alikuwa amefumbua jicho. Lilikuwa jicho moja tu, tena la uvivu. Mkia ulipiga mchanga mara moja. Bridgit akasogea, akamminya tumbo polepole, akasikiliza tena. "Subiri," akasema. "Tusifurahi bado."

Mimi nikaanza ubeti, kimoyomoyo safari hii, na Kavumbi akachota kijiko. Askofu akakilamba. Akajinyoosha miguu ya nyuma, akatulia, akaguna kama mzee anayekaa kitini, na nikaona suruali ya Kavumbi inabadilika rangi. Mkojo ulianza kwenye paja, ukateremka gotini, ukaenda mpaka mchangani, mwingi, wa moto. Hakusogea. Mtu mwingine angeruka. Yeye alitandaza miguu zaidi ili mbwa amalize vizuri.

"Ndiyo hiyo!" Bridgit akapiga makofi. "Haya, baba, ndiyo hiyo!"

Akina mama wa uji wakapiga vigelegele. Mchungaji akasema haleluya, halafu akajikuna. Na mimi, niliyekuwa nimeinama karibu zaidi kuliko wote, nilimsikia Kavumbi Masha akinong'ona, ameinamia kichwa cha yule mbwa, "Asante Mungu."

Aliinua macho akaniona nimesikia.

"Shemeji," akasema, "usimwambie Oliver."

Nikamwambia sitamwambia. Nikaliendea dumu, nikamjazia kijiko kingine.